Ufa Chini ya Benchi

Orrin Haugen alinunua kiwanja chake kwa macho, kama watu wengi wanavyooa, na kama wao akaanza kuuliza maswali baadaye. Hata hayo maswali hakuyauliza kwa hiari. Kaunti ndiyo iliyomlazimisha. Kwenye kisiwa chetu cha Brannock, anayetaka kujenga karibu na genge la bahari hapewi kibali mpaka mjiolojia akanyage kiwanja na kusema ardhi itakaa. Orrin aliiona hiyo kama ada nyingine tu ya serikali, kitu cha kulipia na kugongewa muhuri, kama leseni ya kuvulia samaki.

"Atasimama pale, atatazama bahari, ataweka sahihi," alimwambia mkewe Verla asubuhi hiyo, akipiga mswaki mlangoni mwa karavani, kijumba cha magurudumu walichokaa kwa muda. "Saa moja haifiki."

Noriko Tachibana alikaa kutwa nzima, na bahari hakuitazama. Alitazama miti. Alipapasa mashina ya misonobari iliyokuwa ukingoni, ambayo yote yalikuwa yamepinda chini kama magoti ya mtu anayetaka kukaa. Alilala kifudifudi akachungulia genge. Alishuka ufukweni kwa ngazi za jirani wa kaskazini, akarudi na matope mpaka mapajani. Alitoboa ardhi kwa kekee ndefu ya mkono, na kila alichokitoa akakifinya, akakinusa, akakipanga juu ya turubai. Orrin, aliyekuwa fundi wa injini za kivuko mpaka alipostaafu, alimfuata nyuma na kikombe cha kahawa alichomwandalia mgeni, mpaka kahawa ikapoa, akainywa mwenyewe.

Hatimaye Noriko aliwaita wote wawili. Alikuwa amesimama kwenye nyasi, hatua chache kutoka ukingoni.

"Huu mnaujua?"

Ulikuwa ufa mwembamba, wa kuingiza kiganja, uliopita sambamba na ukingo. Upande wa baharini ulikuwa umeshuka kidogo kuliko upande wa barabarani.

"Hao ni fuko," Orrin akasema. "Kisiwa kizima kina fuko."

"Fuko hawachimbi mstari kutoka uzio hadi uzio, Bwana Haugen. Hapa juu ni mchanga, chini yake ni mfinyanzi. Mvua inapita kwenye mchanga, ikifika kwenye mfinyanzi inakwama, inaanza kutembea kwenda baharini na mchanga ukiwa mgongoni. Nimeyaona maji yakitokeza katikati ya genge, na sasa ni Agosti, mvua hamjaiona tangu Juni. Na hiyo miti imepinda kwa sababu ardhi inateleza polepole. Mti unajinyoosha, unateleza tena, unajinyoosha tena."

"Kwa hiyo?" Verla akauliza.

"Kwa hiyo msijenge hapa. Wala pale mlipopiga vigingi. Rudini nyuma mara mbili ya kimo cha genge. Miti msiikate, na maji ya paa wala ya choo yasielekezwe huku. Mkijenga pale, mtalala usingizi."

Wote wakatazama pale. Pale palikuwa kando ya barabara, baina ya safu ya masanduku ya posta ya majirani na transfoma ya umeme iliyokuwa ikinguruma.

"Pale siioni bahari," Orrin akasema.

"Huioni."

"Mimi nimelipia bahari, mama. Ningetaka kutazama barabara ningebaki mjini."

"Najua. Karibu kila anayeniita amelipia bahari," Noriko akajibu, akaanza kukunja turubai lake. "Ripoti nitawaletea Ijumaa."

Orrin alimsindikiza hadi kwenye gari. Verla aliona mumewe akiinama dirishani kama mtu anayenong'ona na polisi. Aliporudi, alikuwa amechangamka.

"Nimemwambia asiandike," alisema. "Nitamlipa kutwa yake, lakini asiandike. Kisichoandikwa hakijasemwa."

"Akakubali?"

"Kasema akiulizwa atajibu, asipoulizwa hana kazi ya kupiga mbiu."

"Basi mimi nimesikia," Verla akasema. "Masikio yangu nayo utayalipa kutwa?"

*

Jirani yao upande wa kusini alikuwa Garth Sundquist, mjane mwenye nyumba nzuri ya mierezi iliyokaa ukingoni kabisa, na baraza ya mbao iliyotokeza nje kama mdomo wa mtu anayedharau. Garth alikuwa amehamisha uzio wake wa baharini mara tatu, kila mara ukisogea karibu na nyumba, na kila mara alieleza kwamba amechoka kukata nyasi nyingi. Ngazi zake za ufukweni zilikuwa zimeachana na genge, zikining'inia kwa juu tu. Yeye alisema hivyo ndivyo zinavyopitisha upepo.

Jioni ile alikuja na samaki wa kukaushwa kwa moshi na bia.

"Nimemwona bibi yenu wa kekee," alisema, akijikunja kwenye kiti kidogo cha karavani. "Hawa watu wanalipwa ili waogope. Umewahi kuona daktari wa meno akakwambia meno yako mazima?"

"Kasema tujenge kando ya masanduku ya posta," Orrin akalalamika.

"Hapo sawa. Utakuwa wa kwanza kupata bili zako."

Wanaume wakacheka. Verla hakucheka. Aliendelea kumenya viazi, na maganda yakawa manene kuliko kawaida.

Garth ndiye aliyewahi kuongoza upinzani dhidi ya ramani. Kaunti ilitaka kuchora miteremko yote hatari ya kisiwa kwa rangi nyekundu, na watu wetu wakajaa ukumbini kuliko wanavyojaa kanisani siku ya Pasaka, wakapiga kelele kwamba rangi hiyo itashusha bei ya nyumba zao. Hakuna aliyesimama kusema kwamba ramani ni ya uongo. Walisema tu kwamba haifai. Ramani ikaahirishwa. Genge halikuahirishwa.

"Uza," Garth akasema sasa. "Usijitese. Mjini kuna vijana wana pesa na hawajawahi kumiliki hata beseni la maua. Wanataka machweo. Wauzie machweo, mkanunue nyumba bara, mlale."

"Na ufa?" Verla akauliza.

"Ufa gani?" Garth akamtazama kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa jina lake. "Kuna mtu kauandika?"

Alipoondoka, Verla aliweka sufuria kwenye jiko lililokuwa lazima lipigwe teke ndipo liwake. Nyumba yao ya mjini walikwishaiuza ili kununua kiwanja hiki. Tangu Mei alikuwa akioga kwenye mabafu ya bandari ndogo ya mashua, akisubiri zamu na taulo begani pamoja na wavuvi wa kaa, na mwanamke mmoja wa mashua ya kifahari aliwahi kumpa sarafu akidhani ndiye msafishaji. Verla alizipokea zile sarafu. Alipomsimulia mumewe, Orrin alicheka mpaka akakohoa, halafu akaona kuwa yeye hacheki.

"Tukiuza, utakuwa na bafu lako," Orrin alimwambia sasa, akitazama chini.

"Na anayenunua atakuwa na nini?"

Orrin alilipiga jiko teke, likawaka.

*

Dalali aliitwa Candace Loftus, mwanamke mwenye viatu vyeupe visivyoshika matope, ambaye hajawahi kuuita mteremko mteremko. Yeye aliuita "mwinuko wenye haiba". Alipiga picha kila upande isipokuwa chini, kisha akawaketisha wenye kiwanja kwa mambo ya sheria.

"Lazima niwaulize, wapenzi wangu. Kuna kasoro yoyote ya ardhi mnayoijua? Na kabla hamjajibu, fikirini kwanza kama mnaijua, au mliisikia tu."

"Tuliisikia," Orrin akasema haraka.

"Mimi niliiona," Verla akasema.

"Uliona nini, mpenzi?"

"Ufa."

"Ufa ni umbo," Candace akasema. "Kasoro ni maoni. Wewe si mjiolojia, siyo? Basi tusivae viatu vya watu." Akageuza ukurasa.

Siku iliyofuata Orrin alichukua koleo na toroli akaufukia ufa. Alishindilia udongo kwa miguu, akamwaga mbegu za nyasi, akamwagilia asubuhi na jioni kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa ua lolote. Zilipoota, akatengeneza benchi la mbao za mwerezi, akaliweka papo hapo juu yake, likitazama bahari. Lilikuwa benchi zuri. Orrin alikuwa fundi, na hata uongo wake aliupiga randa.

Verla alimtazama kutoka dirishani na hakusema kitu. Kunyamaza kwake kulimsumbua Orrin kuliko kelele. Mara mbili aliacha kazi, akaja mlangoni, akauliza, "Unasemaje?" Mara zote mbili Verla alijibu, "Sijasema."

*

Wanunuzi walikuja Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba, siku yenye jua la kupaka kwenye mkate. Walikuwa Kellan na Priya, wafanyakazi wa mambo ya kompyuta kutoka Seattle, na binti yao Mira, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa. Candace alitangulia mbele akinyoosha mikono kama mtu anayefungua pazia. Verla alikuwa amepika pai ya matofaa, kwa sababu Candace alimwambia harufu ya pai huuza kuliko maneno, na kwa sababu Verla hakuweza kuona wageni wakija kwake asiwapikie.

"Jamani," Kellan akasema alipofika ukingoni.

"Nyangumi hupita pale," Orrin akamwambia. "Wakati wa masika. Unakaa hapa na kahawa yako, unawaona wakipumua."

"Unawasikia?"

"Ukiwa kimya, unawasikia."

Hilo lilikuwa kweli, na Orrin alishangaa jinsi ilivyo rahisi kumalizia uongo kwa ukweli. Aliendelea. Alieleza machweo, milima ya ng'ambo wakati wa theluji, tai anayekaa kwenye msonobari uleule kila mwaka. Kellan alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo. Candace alimkonyeza Verla. Verla aligeuza uso.

Priya hakuwa mtu wa kutikisa kichwa. Aliuliza maji yanatoka wapi, shule iko umbali gani, majirani ni watu gani. Kisha mtoto akamwelemea mkononi. Akatandika blanketi mbele ya benchi, upande wa baharini, akamkalisha Mira juu yake. Mtoto akaona nyasi mpya, zilizokuwa na kijani kibichi kuliko zote, mstari mmoja ulionyooka kutoka uzio hadi uzio, akaanza kuzing'oa kwa vidole na kuzitupa.

"Na jioni," Orrin alikuwa akisema, "jua likiwa linazama, ile rangi yake—"

Alikuwa amemwona mtoto akizing'oa zile nyasi. Candace akamtazama, akatabasamu kumsaidia.

"Rangi yake ni ya dhahabu," Candace akasema.

"Mtoe mtoto hapo," Orrin akasema.

Priya akainua kichwa. "Samahani?"

"Mtoe hapo. Mlete huku, huku nyuma ya benchi. Tafadhali, binti yangu."

Priya alimnyanyua mtoto bila kuuliza, kama mama anavyofanya akisikia sauti ya namna ile. Blanketi likabaki. Kellan alitazama nyasi, akatafuta nyoka.

"Kuna nini?"

"Kuna ufa chini ya hilo benchi," Orrin akasema. "Niliufukia mimi. Upande wote huo wa mbele unakwenda baharini. Sijui lini. Mjiolojia alikuja, akatuambia, nikamlipa asiandike."

Candace alisema, kwa sauti ya mtu anayeokota glasi zilizovunjika, kwamba Bwana Haugen ana hofu za uzee na kwamba ardhi yote duniani, ukiitazama vizuri, inatembea.

"Mbona hukusema tulipofika?" Kellan akauliza. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Tumekuja na kivuko cha alfajiri. Umetusimulia nyangumi saa nzima."

"Sikusema kwa sababu nilitaka mkinunue kiwanja."

Kellan alikwenda kwenye gari bila kuaga. Priya alikunja blanketi lake, akapukuta udongo, akaja akamshika Verla mkono, akamshukuru, na kwa Orrin akainamisha kichwa tu. Candace ndiye aliyekaa mpaka mwisho. Alikula kipande cha pai akiwa amesimama, akawaambia kwamba katika kazi yake amekutana na matapeli na amekutana na watu waaminifu, na wote anaweza kufanya nao kazi, lakini mtu anayebadilika katikati ya mandhari, huyo hamwezi. Kisha akang'oa bango lake la kuuzia kiwanja akaondoka nalo.

Orrin aliketi kwenye ngazi ya karavani. Verla akaja akaketi kando yake.

"Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi," Verla akamwambia.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri nione nimeolewa na nani."

"Umeona?"

"Nimeona umechelewa," Verla akasema. "Lakini umefika."

*

Walimwita tena Noriko, na safari hii akaandika. Kabla ya mvua kubwa, nyumba ililetwa kwa lori ikiwa vipande viwili, ikaunganishwa kando ya barabara: vyumba viwili, jiko, na bafu ambalo Verla aliingia siku ya kwanza akakaa ndani mpaka maji ya moto yakaisha. Nyumba ilitazama masanduku ya posta. Orrin akajua ni jirani gani anapata barua za benki na nani anaandikiwa na mwanawe aliyeko jela, mambo ambayo hakutaka kuyajua.

Mwezi wa Novemba Garth Sundquist alikuja kuaga. Ameuza na kukabidhi funguo, alisema, anahamia Arizona, ambako ardhi ni kavu na tambarare. Alilisema hilo bila aibu, kama mtu anayesifia tu hali ya hewa.

"Umemuuzia nani?" Verla akauliza.

"Vijana fulani wazuri. Wana mtoto."

Verla alivaa koti akaenda palepale hadi nyumba ya Garth. Priya ndiye aliyefungua mlango, na nyuma yake, kwenye dirisha kubwa kuliko nyumba nzima ya Verla, bahari yote ilikuwa imetandazwa.

"Mama Verla," Priya akasema kwa furaha ya kweli. "Nilitaka kuja kukuona. Ni kwa ajili yenu tumerudi kisiwani."

"Kwa ajili yetu?"

"Baada ya mumeo kutuambia, tulisema, kuna wapi pengine ambapo muuzaji anakwambia ukweli? Kwa hiyo tulipoona nyumba hii tukamwuliza Garth waziwazi: hapa kuna ufa? Akatuambia ufa uko kwa Haugen. Na tukajua ni kweli, kwa sababu nyinyi wenyewe mlisema."

Verla alitafuta pa kushika. "Mjiolojia alikuja?"

"Nyumba imeshajengwa," Kellan akajibu kutoka mezani, bila kuinua macho kwenye kompyuta yake. "Mjiolojia ni wa kibali cha kujenga. Hii imesimama miaka yote hiyo."

"Mwanangu, hebu nenda ukautazame uzio. Ukatazame mashimo ya nguzo za zamani, yako wapi sasa."

"Tumeshalipa, mama," Kellan akasema. Hakuwa na jeuri. Alisema kama mtu anayeomba asiendelee kuambiwa.

Priya alimtazama mumewe, kisha akamtazama Verla. Usiku huo alihamisha kitanda cha mtoto kutoka chumba cha baharini hadi chumba cha barabarani. Kellan alisema ni ujinga, lakini ndiye aliyebeba upande mzito.

*

Januari mvua ilinyesha wiki nzima bila kuvuta pumzi. Asubuhi moja, watu wakiwa kwenye kahawa, sauti ilisikika kama treni, nasi hatuna treni kisiwani. Baraza ya mbao iliyokuwa ya Garth, nyasi zote na chumba cha baharini vilishuka ufukweni pamoja na misonobari, na tai akabaki akizunguka hewani. Kwa Haugen, benchi nalo lilikwenda. Hakuna aliyeumia. Mtu wa kaunti alibandika karatasi nyekundu kwenye mlango wa Kellan na Priya kwamba wasiingie tena, na hiyo ikawa rangi nyekundu ya kwanza ambayo kisiwa chetu kiliikubali bila mkutano.

Walikuja kwa Haugen wakiwa na mtoto, begi moja na kompyuta mbili. Priya aliongea na watu wa bima kwa simu akiwa jikoni kwa Verla. Walimweleza kwa adabu sana kwamba bima hulipia moto, upepo na wizi. Ardhi ikihama, hiyo si hasara, hiyo ni mwendo. Aliwaomba warudie. Wakarudia kwa adabu ileile.

Kellan alikaa mezani, akikizungusha kikombe.

"Ulituambia," alimwambia Orrin.

"Nilikwambia la kwangu," Orrin akasema. "La Garth nililijua vilevile. Nilikuwa namwona akihamisha uzio. Sikuvuka kuja kukwambia, nikamwachia mke wangu."

Verla aliwawekea wageni mchuzi wa chaza na mkate, akawapa funguo za karavani, akamwonyesha Priya mahali pa kulipiga teke jiko. Mira alilala kwenye kochi, kidole mdomoni.

Orrin alivaa koti la mvua na buti, akatoka. Kwenye barabara yetu ya ukingoni kulikuwa na nyumba nyingine nyingi, zote zenye baraza na madirisha makubwa. Alianza na ya kwanza. Mwenyewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema atalifikiria. Ya pili, mtu alizima taa. Ya tatu, mwanamume aliyewahi kukaa safu ya mbele siku ya mkutano wa ramani alimwambia kwamba maneno kama hayo ndiyo yanayoua bei, na kama Haugen amepoteza pesa zake asitafute wa kupoteza naye.

Kwenye nyumba ya nne alibisha muda mrefu. Mlango ukafunguka kiasi cha mnyororo, na jicho la bibi mmoja likamtazama, maji yakimchuruzika Orrin kwenye kofia.

"Hatununui," bibi akasema.

"Siuzi," Orrin akasema. "Ningekuwa nauza, ningeanza na nyangumi."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka utoke na mimi tukazitazame nyasi zako, bibi. Tukikuta hazina kitu, nitaomba radhi niende zangu."

Bibi alimtazama tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima samaki. Kisha mlango ukafungwa. Orrin alisimama kwenye mvua asijue aondoke au angoje, mpaka akasikia, ndani, bibi akigombana na buti zake.